Kilatini: Mama Mzazi au Mama Mkubwa?

Julai 2023 jarida la Science lilichapisha mti wa nasaba ya lugha za Kihindi-Kiulaya (ukoo wa lugha nyingi za Ulaya, Iran na kaskazini mwa India) uliochorwa na kompyuta kutokana na maneno ya lugha 161. Watafiti wake, wakiongozwa na Paul Heggarty, walifikia hitimisho kwamba chimbuko la ukoo huo ni la miaka takriban 8,100 iliyopita. Tangu hapo mti huo umekuwa ukizungushwa mitandaoni kana kwamba mashine imefunga ubishi wa karne mbili. Mwaka huohuo Chuo Kikuu cha West Virginia, Marekani, kilifuta shahada zake za lugha za kigeni, na si chuo pekee kinachopunguza masomo hayo. Wasomaji wengi wameziunganisha habari hizi mbili na kupata jawabu jepesi: ikiwa kompyuta inajua kuchora ukoo wa lugha, ya nini kuwalipia watu nauli wakakae siku nne kwenye ukumbi wa kongamano kujadili irabu za Kisardinia, lugha ya kisiwa cha Sardinia?

Naamini jawabu hilo limekosea, tena pale penye uzito. Mti ule umeegemea swali ambalo kompyuta haiwezi kulijibu, na ambalo wanaisimu wa lugha za Kirumi, yaani Kifaransa, Kihispania, Kireno, Kiitalia, Kiromania na ndugu zao, wamelibishania miaka mingi kwenye makongamano yao. Swali lenyewe: je, Kilatini tunachokisoma vitabuni ndicho mama mzazi wa lugha hizi, au ni mama mkubwa, dada wa mama asiyeandikwa? Ukigeuza jibu, umri wa ukoo mzima wa Kihindi-Kiulaya unasogea kwa miaka elfu na zaidi. Jambo hili linatuhusu pia sisi tunaosema lugha za Kibantu, kwa sababu miti ya lugha zetu inachorwa kwa mbinu hizohizo, na sisi hatuna Kilatini cha kuisahihisha.

Makongamano yanayohusika hapa ni ya aina mbili ambazo kwa muda mrefu hazikuketi pamoja. Ya kwanza ni ya lugha za Kirumi. Kongamano kubwa la kimataifa la isimu na filolojia (uchunguzi wa maandishi ya kale) ya Kirumi lilianza Dijon mwaka 1928, na siku hizi hufanyika kila baada ya miaka mitatu. Amerika Kaskazini wana kongamano lao la kila mwaka, LSRL, lililoanzia Chuo Kikuu cha Florida mwaka 1971, na Uholanzi ilizaa Going Romance, linalofanyika Desemba. Aina ya pili ni ya mageuko ya lugha. Hii ilichelewa kuzaliwa, na sababu inajulikana: mwaka 1866 Chama cha Isimu cha Paris kiliandika katika kifungu cha pili cha katiba yake kwamba hakitapokea hoja yoyote kuhusu asili ya lugha. Wakati ule kila mwenye kalamu alikuwa na nadharia yake na hakuna aliyekuwa na ushahidi. Miaka 130 ikapita hadi 1996, lilipofanyika Edinburgh kongamano la kwanza la EvoLang, ambalo sasa huitishwa kila baada ya miaka miwili. Huko utawakuta wataalamu wa nyani, wa vinasaba, wa uigaji wa kompyuta na wa takwimu. Wa Kirumi wamelelewa katika hati za kale, wa mageuko wamelelewa katika modeli. Kila upande una majarida yake na msamiati wake, na mara nyingi upande mmoja husikia kazi ya mwingine kupitia magazeti.

Tuuone ugomvi wenyewe kwa karibu. Mti wa aina hii huanza na orodha ya maana za msingi: moto, kula, kichwa, samaki, maji. Mti wa 2023 ulitumia maana 170. Kwa kila maana na kila lugha huchaguliwa neno moja, kisha mtaalamu huamua ni maneno yapi yana asili moja. Zidisha 170 kwa 161 na unapata visanduku zaidi ya 27,000 vya kujazwa na binadamu kabla mashine haijawashwa. Baada ya hapo programu huhesabu mabadiliko, hukadiria kasi yake kwa kuangalia lugha zenye tarehe zinazojulikana, na kutoka kwenye kasi hiyo hupata umri wa shina. Kilatini ni miongoni mwa lugha zenye tarehe imara kuliko zote. Kwa hiyo ukisema kwamba Kihispania na Kifaransa vimezaliwa na Kilatini chenyewe, tofauti zote kati yao na Kilatini lazima ziwe zimetokea ndani ya miaka elfu mbili na kidogo. Kasi inakuwa kubwa, na gari likijulikana kwenda kasi, safari ileile huhesabiwa kuwa imechukua muda mfupi. Ukisema Kilatini ni mama mkubwa tu, tofauti zilezile zinatandazwa juu ya muda mrefu zaidi, kasi inashuka, na shina linazeeka. Mwaka 2015 Will Chang na wenzake, katika jarida la Language, waliibana programu ikubali kwamba Kilatini na lugha nyingine za kale kadhaa ni mama wazazi. Umri ulishuka hadi miaka takriban 6,000, unaoafikiana na nadharia kwamba ukoo huo ulitoka kwa wafugaji wa nyika za kaskazini mwa Bahari Nyeusi. Timu ya 2023 haikuibana programu hivyo. Iliiachia nafasi ya kuamua yenyewe, nayo ikaonyesha kwamba Kilatini cha vitabuni hakionekani kuwa mama mzazi. Kutoka 6,000 hadi 8,100 si pengo dogo: ni tofauti kati ya wafugaji wa nyikani na wakulima wa awali waliokuwa kusini mwa milima ya Caucasus.

Wanaokataa umama wa Kilatini wana hoja nzito, na ingekuwa dhuluma kuipitia juu juu. Kilatini cha Cicero, msemaji mashuhuri wa Roma ya kale, kilikuwa lugha ya jukwaani na mahakamani. Sokoni watu walisema vingine, na ushahidi umebaki. Kuna orodha ya masahihisho 227 iitwayo Appendix Probi, ambayo mwalimu mmoja asiyejulikana jina aliwaandikia wanafunzi: semeni vetulus, msiseme veclus, semeni auris, msiseme oricla, semeni calida, msiseme calda. Mengi aliyoyakataza ndiyo yaliyozaa. Veclus ndiyo mzazi wa vecchio ya Kiitalia na viejo ya Kihispania. Oricla ikawa oreille, oreja na orelha. Mwaka 813 maaskofu waliokutana Tours waliagiza mahubiri yatolewe kwa lugha ya Kirumi ya watu wa kawaida ili waumini waelewe. Mwaka 842 Viapo vya Strasbourg, mapatano ya wafalme wawili wa Kifaranki, viliandikwa kwa sehemu kwa lugha ya Kirumi ambayo hakuna awezaye kuiita Kilatini. Kutokana na ushahidi wa namna hii, Éva Buchi na Wolfgang Schweickard walitoa wazo katika kongamano la Innsbruck mwaka 2007: tuiunde upya lugha-mama ya Kirumi kwa kulinganisha mabinti peke yao, kama vile Kilatini hakijaandikwa kamwe, jinsi wenzetu wanavyofanya kwa Kibantu-Mame, lugha-mama inayokisiwa ya lugha za Kibantu. Kamusi yao, DÉRom, ikaanza mwaka uliofuata. Wazee wa filolojia walighadhibika. Alberto Vàrvaro aliandika kuwapinga, akiuliza kwa nini mtu afumbe macho mbele ya maandishi ya karne nyingi ambayo koo nyingine za lugha zingeyalilia.

Hoja hiyo ni nzito lakini haitoshi kukifanya Kilatini mama mkubwa, na kisanduku cha kitenzi "kula" kinaonyesha kwa nini. Kamusi ya Kilatini itakupa edere. Kifaransa kina manger, Kiromania a mânca, Kikatalani menjar, zote kutoka manducare, neno ambalo maana yake ya kwanza ni kutafuna. Kihispania na Kireno vina comer, kutoka comedere. Mjazaji wa jedwali anaandika edere kwa Kilatini na manducare kwa mabinti watatu, na mashine inahesabu kwamba neno limebadilishwa. Sasa fungua wasifu wa Kaisari Augusto ulioandikwa na Suetonius. Humo imenukuliwa barua ya Augusto mwenyewe anayesema kwamba siku ile alifunga, na ilipopita saa moja ya usiku (kwa hesabu ileile ya saa tuliyonayo sisi) ndipo alipokula bafuni: duas buccas manducavi, nilitafuna matonge mawili. Ni Kaisari, mtu wa nyumba ya juu kabisa, anamwandikia mwanawe wa kulea, na kitenzi chake si edere. Tena neno lake la tonge, bucca, ndilo hilo lililokuja kuwa mdomo: bouche, bocca, boca. Maneno yote mawili yaliishi nyumba moja katika kinywa kimoja. Hakuna dada wawili hapa. Kuna mama mmoja mwenye kauli ya nyumbani na kauli ya barazani, na jedwali limeandika kauli ya barazani tu.

Neno la moto linaonyesha hali ya kinyume. Kilatini cha vitabu kilisema ignis. Mabinti wote wana focus: fuoco, feu, fuego, fogo, Kiromania foc. Focus ilikuwa jiko, mahali pa moto ndani ya nyumba. Kwamba jiko liligeuka kuwa moto wenyewe si ajabu kwetu, sisi ambao kwetu jiko limefika hadi kuwa mke, mtu akisemwa kuwa amepata jiko. Hapa neno limebadilishwa kweli, na kila kinachofanyika kweli kinastahili kuhesabiwa. Lakini mashine haina njia ya kuutenga moto na kula. Kwake vyote ni sifuri na moja.

Mfano wa nyumbani utasaidia. Kiswahili sanifu kilijengwa juu ya Kiunguja kwa uamuzi wa mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928. Kiswahili cha mashariki mwa Kongo kilifika huko na misafara ya karne ya 19, kabla sanifu haijakuwapo, kisha kikakua katika migodi ya Katanga. Kwa hiyo atakayeandika kwamba sanifu imezaa Kiswahili cha Lubumbashi amekosea waziwazi, na huo ndio ukweli ulio katika hoja ya mama mkubwa. Lakini hebu atengeneze jedwali la msamiati. Kwa maana ya "kutoa maneno" achukue sema kutoka kwenye kamusi ya sanifu na ongea kutoka kwenye mazungumzo ya mtaani. Programu itahesabu badiliko ambalo halijatokea, maana msemaji huyohuyo hutumia yote mawili kabla ya chakula cha mchana. Rudia kosa hilo katika maana ishirini na utakuwa umezipa lugha hizo karne kadhaa za kutengana ambazo hazikuwapo. Umri wa Kiswahili cha Lubumbashi tunaujua kwa historia. Umri wa shina la Kihindi-Kiulaya hatuujui, na ndiyo maana kosa la jedwali huko linaweza kukaa miaka kumi bila kushtukiwa.

Hoja dhaifu kuliko zote ni ile inayopendwa zaidi na magazeti: kwamba kompyuta haina upendeleo. Programu yenyewe haina, ni kweli, ila kila kisanduku kimejazwa na mtu aliyechagua. Waliotengeneza mti wa 2023 wanalijua hili kuliko wakosoaji wao. Waliandika miongozo ya kuchagua maneno na kuwatumia wataalamu wa kila tawi, na hilo ni jambo la kuwapongeza. Lakini mwongozo hauwezi kumkumbusha mtu barua ya Augusto. Anayeikumbuka ni yule aliyetumia miaka kumi na tano kusoma Kilatini cha kauli ya chini, na mtu huyo mara nyingi yuko kwenye kongamano la Kirumi, wala hakualikwa kwenye la mageuko.

Tumeshawahi kulipa gharama ya pande hizi kutosikilizana. Miaka ya 1950 Morris Swadesh alileta mbinu ya kupima umri wa lugha kwa maneno yaliyosalia, na mwaka 1953 Robert Lees akatafuta kasi yake ya kudumu kwa kupima lugha 13 zenye maandishi ya kale. Alipata kwamba katika orodha ya maneno kama 200, takriban asilimia 81 husalia kila miaka elfu. Angalia lugha zenyewe: kati ya hizo 13, sita zilikuwa mabinti wa Kilatini, yaani Kihispania, Kifaransa, Kiitalia, Kireno, Kiromania na Kikatalani. Kasi hiyo ikawa kama saa ya kupimia umri wa lugha, na karibu nusu ya saa hiyo ilitengenezwa Roma, tena kwa Kilatini cha vitabuni, chenye edere na ignis. Kisha saa hiyo ikavushwa bahari na kutumika kukadiria lini makundi ya Kibantu yalitengana, na tarehe zake zikaingia kwenye vitabu vya historia ya Afrika. Mwaka 1962 Knut Bergsland na Hans Vogt walionyesha kwamba Kiaislandi kimehifadhi maneno mengi mno kuliko saa inavyoruhusu, na imani ikavunjika. Tarehe hazikufutwa vitabuni kwa kasi ileile.

Wanaoyapinga makongamano wana malalamiko halali juu yake, na yanastahili jibu la haki. Ni ghali. Ukumbi mzima wa watu waliopanda ndege kusikia mawasilisho ya dakika 20 na maswali ya dakika 10 ni hesabu ngumu kuitetea. Mwaka 2020 EvoLang ilikuwa ifanyike Brussels mwezi Aprili. Gonjwa la korona likazuia, na maandiko yakachapishwa hivyohivyo. Kwa mtafiti wa Dar es Salaam au Bukavu gharama haiishii kwenye nauli. Ada ya viza ya Schengen, ya kuingia nchi nyingi za Ulaya, ilipanda Juni 2024 kutoka yuro 80 hadi 90, na hairudishwi ukikataliwa. Unatakiwa bima ya matibabu ya safari yenye kinga isiyopungua yuro 30,000, na maombi huwasilishwa siku zisizopungua 15 kabla ya safari, ingawa uchunguzi waweza kufika siku 45. Waandaaji wakitoa majibu ya ikisiri (muhtasari wa hoja unaotumwa kuomba nafasi ya kuwasilisha) wiki nane kabla ya kongamano, wiki mbili zikapita kusubiri barua ya mwaliko na tatu kusubiri miadi ya ubalozi, aliyekubaliwa huenda asifike. Dawa yake ni rahisi kuliko inavyodhaniwa: majibu yatoke miezi minne kabla, barua ya mwaliko iambatane na jibu lenyewe, na vikao vya maswali virushwe mtandaoni kwa kupokea maswali, si kwa kutazamwa tu. Lakini kusema kwamba machapisho yanatosha ni kusahau namna makosa ya jedwali yanavyokamatwa. Kosa la kisanduku kimoja halimfanyi mtu aandike makala ya kurasa thelathini. Linamfanya anyanyue mkono.

Kwetu lipo la kufanya. Miti ya Kibantu iliyochapishwa mwaka 2015 na 2022, yenye lugha zaidi ya 400, ilipata tarehe zake kutoka kwenye akiolojia. Maandishi ya Kiswahili ya zamani zaidi yaliyosalia na yenye tarehe isiyo na ubishi ni barua zilizohifadhiwa Goa, za kuanzia mwaka 1711. Hiyo ni miaka mia tatu na kidogo, mbele ya elfu mbili za Kilatini. Basi kila mbinu itakayoletwa kupima Kibantu ingepaswa kwanza kujaribiwa kwa lugha za Kirumi huku Kilatini kimefichwa: ipewe mabinti tu, iulizwe umri wa mama, na ikipotea kwa miaka elfu tujue itapotea kwetu pia bila mtu wa kuirudisha.

Sisi nasi tuna la kuwafundisha wa Kirumi, na ni la sarufi, ambayo orodha za maneno haziigusi kabisa. Kitenzi cha wakati ujao cha Kifaransa, chanterai, kimetokana na cantare habeo, "nina kuimba". Kireno bado kinaonyesha kiungo kilipoungwa: cantá-lo-ei, ambamo kiwakilishi kimekaa katikati, kati ya kuimba na kuwa na. Kiswahili kimepita njia ileile kwa kitenzi kingine. Nitakuja ina -ta- iliyotokana na taka, na ukitia kirejeshi, taka inajitokeza nzima: nitakapokuja, atakayekuja. Viungo viwili, koo mbili zisizohusiana, ushahidi wa aina moja. Anayepeleka hili kongamanoni aandike ikisiri ya kurasa mbili isiyo na jina lake popote, pamoja na kulifuta kwenye sifa za faili. Kila mfano uwe na namba na mistari mitatu: sentensi iliyokatwa kwa mofimu (vipande vya neno vyenye maana), maana ya kila mofimu chini yake, kisha tafsiri. Ikisiri nyingi za Kiswahili huanguka hapo, si kwa udhaifu wa hoja, bali kwa sababu mkaguzi asiyejua Kiswahili amepewa nitakapokuja kama neno moja na hakuona taka iko wapi. Nyingine huanguka kwa kuahidi kwamba "makala itachunguza" pasipo kusema imepata nini.

Na orodha ya Kiswahili yenyewe inahitaji mtu wa kuisimamia. Kwenye maana ya samaki kamusi itatoa samaki, neno la Kiarabu, na kisanduku kitahesabiwa kama mkopo au pengo, ilhali lahaja za kaskazini zina nswi, la Kibantu. Tarakimu nazo zina historia hiyohiyo: sita na saba zimetoka Kiarabuni, lakini tandatu ilikuwapo, na fungate bado ipo, imejificha ndani ya siku saba za maarusi. Kiromania kina habari kama hii: mia yao, sută, ni ya Kislavi, na miti isiyochuja mikopo hukitenga mapema na ndugu zake. Wa Kirumi walishaliona hilo na kulirekebisha kwa sababu Waromania walikuwa ukumbini.